Jogoo wa Maramba na Maneno Mawili ya Kiebrania

Wenzangu wa kikundi cha Jumatano, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake nilikwenda kufanya nini Amani siku sita nzima, na kwa nini nimerudi na malengelenge viganjani. Niliwajibu vipande vipande, na sasa nasikia vipande hivyo vinazunguka mtaa wetu wa Mabawa, hapa Tanga, vikiwa vimeungwa na watu wengine. Naandika hapa mara moja, kwa mpangilio. Tabitha mwenyewe ameniruhusu.

Tabitha ni binti wa marehemu kaka yangu. Kwa desturi, mimi baba yake mdogo ndiye niliyesimama mahali pa baba yake. Ameolewa Maramba na Gideoni, mkulima, kijana asiyelewa wala asiyepiga. Miezi mitatu iliyopita Gideoni alimpa mdogo wake kiwanja ajenge nyumba, na kiwanja hicho ndicho kitalu cha Tabitha, alipoikuza miche ya karafuu na mdalasini tangu waoane. Hakumwuliza. Tabitha alipolalamika mbele ya wageni, Gideoni alisema, "Wewe ni msaidizi tu. Hata Biblia imesema." Kesho yake alfajiri Tabitha alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, Amani.

Mnajua kwamba kazi yangu ni kutengeneza mizani, na kwamba kwa miaka tisa nimejifundisha Kiebrania peke yangu kutoka kamusi moja kuukuu, neno moja kwa siku, kwenye madaftari. Basi niliposikia kwamba ndoa ya binti yetu imekwama kwenye mstari wa Mwanzo, sura ya pili, pale penye "msaidizi wa kufanana naye", niliona kazi hiyo imeniangukia mimi. Niliandaa kurasa kumi na moja. Nilipanga pia njia: kwanza Maramba nimsikie mume, kisha Amani nimsikie mke, sawasawa kama sahani mbili za mizani. Mke wangu, Mama Anna, nilimwambia safari jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, naye akanifungia mikate na chupa ya chai.

Mabokweni, saa tatu za mkanda

Hatukuwa tumefika mbali. Pale Mabokweni basi lilitoa mlio kama wa mbuzi, likasimama. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika, na utingo akapanda pikipiki kurudi mjini kuutafuta mwingine. Abiria tulishuka, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka lililofungwa.

Nilitoa daftari langu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye tenga la ng'onda, samaki wakavu anaowapeleka kuuza Maramba. Baadaye nilijua anaitwa Bi Mwanaidi.

"Baba, unasoma nini hivyo hata inzi huwaoni?"

Nikamweleza, maana nilikuwa na muda. Nilimwambia kwamba neno lililotafsiriwa msaidizi, kwa Kiebrania ni *ezer*, na kwamba katika maandiko neno hilo mara nyingi husemwa juu ya Mungu mwenyewe, anapomwokoa mtu aliyezidiwa. Ndilo lililo ndani ya jina Ebenezeri, jiwe la msaada. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili aliponikatiza.

"Ngoja. Sisi hapa tangu asubuhi tunamwomba Mwenyezi Mungu amsaidie yule utingo apate mkanda. Akitusaidia, atakuwa mdogo wetu?"

"La."

"Basi si umemaliza? Kurasa zote hizo za nini?"

Mzee mmoja aliyekuwa amejilaza akafungua jicho moja. "Mwulize kama humo kwenye daftari hakuna mkanda."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Bi Mwanaidi akachagua ng'onda mmoja mdogo, akanigawia pamoja na kipande cha muhogo wa kuchoma, na mimi nikamgawia mkate wa Mama Anna. Akaniambia kwamba marehemu mume wake naye alikuwa na maneno hayo. "Siku nikiugua, nyumba nzima inalala njaa, na yeye mkubwa wa nyumba anatafuta chumvi ilipo." Kisha akauliza, "Na huyo binti, yeye mwenyewe umeshamsikia?"

"Bado. Naanza kwa mume."

"Hee!" alisema Bi Mwanaidi, akageukia samaki wake.

Ile "hee" niliisikia vizuri, wala sikuiuliza maana yake. Niliandika pembeni mwa ukurasa swali lake la Mungu na mkanda. Basi liliondoka saa nane mchana.

Maramba

Nilipokewa kwa heshima kubwa mno. Baba yake Gideoni, Mzee Yakobo, ni mzee wa kanisa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mzazi mwenzangu, na kabla sijanawa nilisikia kuku akipiga kelele nyuma ya nyumba. Tulikula wali wa nazi na kuku, na firigisi wakaniwekea mimi. Niliila. Mzee Yakobo alizungumza habari za mvua, bei ya mahindi na paa la kanisa lao. Habari za Tabitha hakuzigusa, ila mwishoni alisema, "Mtoto akikosea, wazazi wapo." Hakusema mtoto yupi.

Asubuhi Gideoni alinipeleka kitaluni. Upande mmoja, mdogo wake alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vinne na kuvizungushia kamba ya mkonge kupima msingi. Kamba ilipita katikati ya miche. Upande wa pili, miche ilikuwa imelainika na kuwa myeusi chini.

"Imeoza," Gideoni alisema. "Nami naimwagilia asubuhi na jioni, sikosi."

"Tabitha alikuwa anamwagilia mara ngapi?"

Alitazama ndoo. "Sijui, baba. Sikuwahi kumwuliza."

Nilitaka kumsomea ukurasa wa tano. Lakini alikuwa ameinama akichomoa mche uliokufa, akautikisa udongo, akauweka pembeni pamoja na mingine aliyokwisha kuipanga mstari kama maiti. Nikaona si wakati wake. Nilimwuliza tu kama anataka mke wake arudi.

"Nataka. Ila nikienda mwenyewe, watasema nimeshindwa."

"Nani watasema?"

"Watu."

Nilipoaga, Mzee Yakobo alinikabidhi jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa kitambaa safi. "Mpelekee shemeji yako. Mkono mtupu haulambwi." Nikamshukuru, nikampokea. Niliona ni adabu tu ya mgeni kuondoka na kitu, kama mtu anavyofungiwa machungwa. Hapo ndipo nilipokosea, na katika kurasa kumi na moja hapakuwa na hata mstari mmoja wa kunionya.

Muheza, na maneno ya watu juu ya jogoo

Kufika Muheza nilipanda lori la machungwa, nikakaa mbele na dereva, jogoo akiwa mapajani. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika ndipo aliponitazama vizuri. "Mzee, huyo unampeleka kuoa au kuolewa?"

Stendi ya Muheza nilisubiri gari la Amani tangu saa sita hadi saa kumi. Kila baada ya muda walisema linapakia. Nikienda kutazama, halijafika. Nilikula chapati na maharage kwa mama mmoja aliyemtilia jogoo wangu maji kwenye kifuniko cha ndoo bila kuombwa. Jogoo alikunywa, akawika, na meza nzima ikageuka.

"Anakwenda wapi huyu?" mama akauliza.

"Amani, kwa shemeji yangu. Ametoka kwa wakwe wa binti yetu. Wana ugomvi kidogo, mume na mke."

Mama yule aliacha kusukuma chapati. "Na wewe ni nani wa binti?"

"Baba yake mdogo."

"Na wewe ndiye uliyebeba jogoo?"

"Ndimi."

Alimtazama mwenzake kwenye jiko, mwenzake akamtazama yeye, wakaendelea na kazi. Sikuelewa. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Kupanda

Baada ya kijiji cha Kisiwani barabara huanza kupanda kwa kona, na milima ile haikosi mvua. Kwenye kona ya nne gari liliteleza likakaa kimshazari. Wanaume tulishuka kusukuma, jogoo nikamwachia bibi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma na ndoo ya mafuta ya kula. Tulisukuma mara tatu. Mara ya tatu gari lilitoka kwa nguvu, likatuacha tumepakwa tope hadi kwenye nyusi, na dereva kwa kuogopa kukwama tena hakusimama hadi juu kabisa. Tulilifuata kwa miguu kwa muda wa saa nzima.

Sikuchukia. Hewa ilikuwa ya baridi na ilinukia majani mabichi. Njiani kulikuwa na iliki chini ya miti, na maji yakishuka kila upande. Bibi wa ndoo nilimkuta amekaa juu ya jiwe na jogoo wangu amemfunika kwa kanga asilowe. "Ni mtulivu," akaniambia. "Anajua anakokwenda."

Mimi sikujua.

Kwa shemeji

Mama yake Tabitha ni mwanamke mfupi, mnyamavu, mchapakazi. Alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umefurahi, akaniita, "Shemeji! Karibu, umelowa!" Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kushoto.

"Huyo umemtoa wapi?"

"Maramba. Mzazi mwenzetu amekuletea."

Furaha ilimtoka usoni kama taa inayozimwa. "Shemeji, wewe ni baba wa mtoto au tarishi wa Maramba?"

Ndipo nilipofundishwa, nikiwa nimesimama uani na tope langu. Mke akirudi kwao kwa kuonewa, mume humfuata kwa miguu yake, na jogoo wa kuomba radhi humshika yeye mwenyewe, watu wote wa jirani wakimwona. Baba wa binti hukaa nyumbani akingoja. Akila kwa wakwe kabla ya kumsikia binti yake, amekwisha kuhukumu. Akija na jogoo wao mkononi, maana yake amekuja kumrudisha mtoto kwa niaba yao. Mume hana tena sababu ya kuja.

"Na firigisi ulikula?" shemeji akauliza.

Nilitazama viatu vyangu.

"Alikula," alisema Tabitha kutoka mlangoni. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nilijua wao watasema yao. Nikasema, baba mdogo atakuja, yeye huwa haharakishi, atanisikiliza." Akamtazama jogoo. "Kumbe ulipitia kwao kwanza."

Katika kazi yangu, mizani ikipotoka kwa sababu ya fundi mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Nilimwambia Tabitha nimekosa. Nilianza kueleza mpango wangu wa sahani mbili, nikaona jinsi unavyosikika, nikaacha. Jogoo hakuingia ndani ya ua. Alifungwa kwa jirani, chini ya banda la kuni, si mali ya mtu.

Msumeno

Kesho yake niliamka na kurasa zangu, lakini nyumba ilikuwa na kazi. Upepo ulikuwa umeangusha mti mkubwa wa mgrivea shambani kwa shemeji, na kuni zilikuwa zimekwisha. Tabitha alitoa msumeno mrefu wenye mipini miwili, ule wa watu wawili, akaniambia, "Baba mdogo, kama una nguvu, njoo."

Tulipiga magoti kila mtu upande wake wa gogo, tumetazamana. Nilianza kwa bidii. Msumeno ukapinda na kukwama.

"Usisukume!"

Nikajitahidi zaidi. Ukakwama tena.

"Baba mdogo, sikiliza. Vuta wako. Ukimaliza, legeza, niachie nivute wangu. Ukinisukumia unadhani unanisaidia, kumbe unaupinda."

"Na nikilegeza nitakuwa nafanya nini?"

"Utakuwa umeushika usianguke. Na utanitazama, ujue nimefika wapi."

Ilinichukua nusu ya asubuhi. Viganja vilipasuka. Lakini ulifika wakati chuma kikaanza kuimba na unga wa mti ukamwagika pande zote mbili sawasawa, na katikati ya kukata, bila kuacha kuvuta, Tabitha akaanza kusema. Alisema yote. Alisema kwamba hakukasirika kwa sababu ya kiwanja. Angeweza kumpa shemeji yake nusu yake, kama angeulizwa. Alikasirika kwamba alitoka kisimani akakuta kamba imekwisha kufungwa. Nilivuta wangu, nikalegeza, nikasikiliza.

Tulipopumzika nilimwuliza swali lilelile nililomwuliza Gideoni.

"Nataka kurudi," alisema. "Miche yangu itakuwa imekufa. Lakini siwezi kurudi kwa jogoo aliyeletwa na wewe. Nitakuwa nimerudishwa kama sufuria iliyoazimwa."

"Basi aje yeye."

"Mwambie wewe. Uliyeharibu ni wewe."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike.

Simu ilishika mtandao nyuma ya kanisa tu. Nilisimama pale kwenye manyunyu nikamwambia Gideoni mambo matatu. Jogoo hajapokelewa. Mimi nilikosa kumbeba. Na mke wake hamwagilii miche asubuhi na jioni; hugusa udongo kwa kidole kwanza, na ukiwa na unyevu huacha. Hilo la tatu nilikuwa nimemwuliza Tabitha makusudi.

"Watu watasema, baba."

"Watasema. Huku juu wameanza kunisema mimi, na nimeamka mzima."

Akakata simu, au mtandao ulikatika. Sikujua ni lipi, na siku iliyofuata yote hakuna aliyekuja. Shemeji hakuniuliza. Tabitha alipalilia iliki hadi giza. Nilipitia kurasa zangu kumi na moja, nikafuta sita.

Siku ya tano

Alikuja saa nne asubuhi, kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini, na mfuko wa salfeti begani. Alisimama nje ya ua. Shikamoo yake kwa mama mkwe aliisema akiwa palepale, na shemeji akaitikia akiwa palepale jikoni, wala hakumkaribisha.

Gideoni akanitazama. Nilimwonyesha kwa kidevu banda la jirani.

Alikwenda, akamfungua jogoo, akamrudisha kwa kumshika vizuri kwa mikono miwili, akapita njia yote ya mbele, si ya uchochoroni. Majirani walitoka. Mama mmoja alipaza sauti, "Mwanamume, mbona jogoo wako amenenepa kukushinda?" Mwingine: "Amekula mahindi yetu siku tatu, naye atulipe posho!" Gideoni alitabasamu huku masikio yanawaka. Jogoo akawika mikononi mwake, ua mzima ukacheka, na alipofika mlangoni kwa shemeji hakuwa tena na heshima ya kulinda. Nadhani ilimrahisishia.

"Mama, nimekosa," alisema.

Shemeji alimpokea jogoo, akampima kwa mkono. "Kuni hazitoshi kumpika," akasema, akaingia ndani.

Tabitha alikuwa amesimama karibu na gogo. Alishika mpini mmoja wa msumeno akapiga magoti. Mpini wa pili ulibaki hewani. Gideoni aliweka mfuko chini akapiga magoti mbele yake.

Alisukuma, bila shaka. Chuma kikapinda. Niliuma ulimi nisiseme. Tabitha alingoja hadi akatulia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Vuta wako. Kisha niachie." Ukakwama mara mbili tena. Halafu ukaimba.

Kikao kilikaa baada ya chakula kuwekwa jikoni. Shemeji alisema, "Soma basi, shemeji, umebeba daftari tangu Tanga. Ila kwa kifupi, kuku anaiva."

Nikasema kwamba *ezer* ni msaada wa namna ambayo Mungu humsaidia mtu, na kwamba Mungu akikusaidia hawi mdogo wako. Hilo nilifundishwa Mabokweni. Nikasema kwamba lile la kufanana naye ni *kenegdo*, na ndani yake kuna neno lenye maana ya mbele: kama aliye mbele yake, anayemkabili, uso kwa uso.

"Kama kwenye msumeno," alisema Tabitha.

"Kama kwenye msumeno," nikasema. Nilikuwa na kurasa nne zaidi, nikafunga daftari.

Gideoni alivuta mfuko wake. Akatoa vigingi vinne na kamba ya mkonge imeviringwa, akaviweka miguuni pa mke wake. "Niling'oa juzi baada ya simu. Jana nzima nilikuwa na mdogo wangu, tunatafuta mahali pengine. Miche iliyopona haizidi thelathini. Nimeanza kugusa udongo."

Tabitha aliviokota kimoja kimoja, akavitazama ncha. "Ni vizuri, si vya kutupa. Vitashika kivuli cha miche mipya." Kisha akasema, "Mama, nitahitaji ndoo ya mbegu za iliki."

Firigisi ilipokuja, shemeji alimwekea mkwe wake. Gideoni aliikata vipande viwili.

Kurudi

Tuliteremka pamoja hadi Muheza, wao wawili wamebeba ndoo katikati, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini. Walinishindilia machungwa kwenye begi, nikapanda basi la Tanga.

Nyumbani nilimsimulia Mama Anna yote tangu mwanzo. Nilipofika kwenye jogoo alishika kichwa.

"Ulimpokea? Mikononi mwako?"

"Ulijua kwamba haifai?"

"Baba Anna, mimi nimezaliwa Maramba! Nani asiyejua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nifunge mikate," alisema. "Hukuniuliza kitu kingine."

Miaka tisa nimesoma Kiebrania kwenye meza ile nikiwa nimeupa mlango mgongo, na jikoni kuko nyuma ya mlango. Jumapili baada ya ibada niliigeuza meza, nikaleta kiti cha pili, nikakiweka upande wa mbele. Mama Anna alikuja na bakuli la mchele wa kuchambua, akaketi, akauliza neno la leo ni lipi.